Alama ya Kijani

Siku walipokutana, ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulikuwa umefurika watu. Nesi alikuwa akipita mbio, gauni lake jeupe limenyooshwa kwa pasi, mafaili kifuani, akamkanyaga mtu vidole. Mtu mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, katikati ya nyaya.

"Samahani, kaka. Sikukuona."

"Si neno. Bado vipo vya kuandikia," akasema kijana yule, akichomoza na vumbi kwenye nywele.

Alikuwa mtaalamu wa kompyuta, ameletwa kutengeneza huduma mpya ya kuwawezesha wagonjwa walio majumbani kuandikiana na manesi kwa simu. Nesi akapangiwa kitengo hicho hicho. Wakazoeana, wakataniana, na baada ya muda simu zao za jioni zikawa hazina mwisho. Nesi alimwita kijana yule Fundi. Naye Fundi akamwita mpenzi kwa mara ya kwanza bila kukusudia, wakacheka wote wawili.

Asubuhi moja mama mjamzito aliandika kwamba anatokwa na damu. Nesi akamwuliza ni nyingi kiasi gani, na yuko na nani. Jibu halikuja. Kando ya jina la mama, alama ya kijani iliendelea kuwaka, maana yake yupo hewani. Nesi akaandika tena, akangoja, akidhani maumivu ndiyo yanayomchelewesha. Utaratibu ulikuwa kumpigia simu mgonjwa aliyepotea hewani, na huyu hakuonekana amepotea.

Kumbe simu ya mama ilikuwa imezima. Simu ikizima ghafla haiagi. Seva, ile kompyuta inayopokea ujumbe wote, ilibaki imeshikilia upande wake wa mawasiliano, ikipokea maneno ya nesi kana kwamba upande wa pili kuna mtu. Nesi alipoingiwa na wasiwasi akapiga, haikupatikana. Gari la wagonjwa lilipofika, majirani walikuwa wameshamkuta mama sakafuni. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nesi alimfuata Fundi ofisini kwake.

"Ulijua kwamba ile alama inaweza kudanganya?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaanza."

Nesi aligeuka akatoka. Kuanzia hapo hakupokea simu zake. Walipopishana kwenye korido alimsalimu kama anavyosalimiwa mgeni.

Fundi alijifungia na kazi. Akaifanya seva iwe inaiuliza kila simu, tena na tena, kama bado ipo. Isipojibiwa, alama inageuka nyekundu na kengele inalia mezani kwa nesi. Aliijaribu kwa kuzima simu yake mwenyewe, kwa kutoa laini, kwa kuingia nayo kwenye lifti.

Kikao kikaitishwa. Mkuu wa manesi aliuliza nani atawajibika. Mkurugenzi wa hospitali akasema ni yeye. Fundi alikuwa amemwonya kuhusu ile alama na kuomba uzinduzi uahirishwe, naye akakataa kwa sababu wageni walikuwa wameshaalikwa. Nesi akageuka kumtazama Fundi. Alikuwa ameinamia meza.

Nesi akamdaka mlangoni. "Kwa nini hukuniambia kwamba ulikataliwa?"

"Ingebadilisha nini? Niliendelea kuijenga. Nikakuacha uitazame ile alama kila siku, unaiamini."

"Hilo ndilo lililoniumiza," nesi akasema. "Ungeninong'oneza mimi tu. Ningempigia mapema."

"Najua. Ndiyo maana sikujitetea."

Nesi alifuta macho kwa kiganja. "Kesho nakwenda kumwona yule mama nyumbani kwake. Twende wote."

Walimkuta amekaa kitandani, shuka limefika kiunoni. Fundi alimweleza yote bila kumtaja mkurugenzi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza itakuwaje mwingine yakimkuta kama yeye.

"Kengele italia, dada. Atapigiwa, asipopatikana, atafuatwa nyumbani."

"Ungekuja nayo mapema," mama akasema. "Lakini umekuja mwenyewe. Wenzako walituma salamu."

Nje jua lilikuwa kali. Fundi alisimama getini. Nesi, ambaye hakuwahi kumshika mkono mbele za watu, akaushika. Wakatembea hivyo, wakipita duka la vitambaa na kinyozi.

"Baba yako atakuwepo nyumbani Jumamosi?" Fundi akauliza.

"Atakuwepo. Kwa nini?"

"Nataka kuja na wangu."

Nesi alimpangusa jasho kipajini kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, kama anayemhudumia mgonjwa.

"Basi njooni asubuhi," akasema. "Jioni huwa amechoka."