Mwenye Uchochoro

Fimbo ya pazia iligoma kukaa. Juma lililopita ilienea vizuri kutoka ukuta hadi ukuta. Leo ilizidi kwa upana wa kiganja. Mwanamke mmoja, fundi wa mapazia, aliishusha, akaijaribu tena, kisha akamwita mumewe.

“Baba Pacha, hiki chumba kimepungua.”

Mumewe alicheka mpaka akajishika kiuno. “Chumba si sweta, mke wangu, kwamba kikiloa kitasinyaa.”

Chumba chenyewe alikijenga kwa ubishi. Kati ya nyumba yao na ya jirani palikuwa na uchochoro, na mkaguzi wa majengo alishawaambia waziwazi kwamba sheria inataka uachwe. Pacha wao walikuwa wamekua, wanalala wamebanana. Chumba kilihitajika kweli. Mke alimsihi waongeze upande wa nyuma, japo padogo, kwani huko mkaguzi angewapitishia. Mume hakutaka padogo. Alingoja siku za mapumziko, ofisi zimefungwa, akapandisha ukuta mpaka ukaziba dirisha la jirani, ajuza waliyemwita Bibi Kimya.

Siku hiyo Bibi Kimya alifungua kinywa. “Mwanangu, hapo si pako wala si pangu. Pana mwenyewe, hupita.”

“Basi aje na hati yake,” Baba Pacha akamjibu.

Alikuja. Hati hakuleta.

Ilianza harufu, ya nywele zinazoungua ndani ya saruji mbichi. Kisha sauti: kitu kilijisugua ndani ya ukuta, taratibu, kama mtu mpana anayejipenyeza ubavu-ubavu, kikafika mwisho, kikagonga, kikarudi. Mke aliwahamishia watoto kwa dada yake, akamleta mganga, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi. Mganga aliweka sikio ukutani, akaliondoa upesi kama aliyeungua.

“Ana hasira,” alinong’ona. “Miaka yote alikuwa anajipitia zake, hamdhuru mtu. Sasa anataka nafasi yake, na hachagui, iwe ya matofali au ya nyama. Uvunjeni leo.”

“Leo hii, mama?”

“Leo, binti yangu. Kesho atajichukulia mwenyewe.”

“Nimemwaga jasho langu hapa!” Baba Pacha alifoka. “Sivunji kwa sababu ya shetani wala ya mkaguzi!” Akaingia chumbani mchana ule ule, akaurudishia mlango, akajitupa kitandani ili wamwone alivyo mwanamume.

Mke akiwa mlangoni alisikia kitanda kikilia, kisha miguu ya kitanda ikivunjika mmoja baada ya mwingine, kisha mumewe akipiga kelele “Mama! Mama!” kama mtoto, akausukuma mlango nao ukagoma kwa sababu nyuma yake hapakuwa tena na mahali pa kufungukia, akakamata nyundo kubwa na kukimbia kwa jirani, mganga akimfuata huku anasoma dua kwa sauti ya chini, Bibi Kimya akawapitisha ndani hadi kwenye dirisha lake lililozibwa, wakaupiga ukuta, wakaupiga, wakaupiga, na ndani ya matofali kitu kikawa kinacheka, kinacheka kwa sauti ya mumewe.

Matofali yalipoanguka, upepo wa moto uliwapiga usoni, ukashika njia yake ya zamani. Baba Pacha walimkuta hai, amesimama ubavu-ubavu kati ya kuta mbili, kinywa kimejaa vumbi la saruji.

Ukuta wote ulibomolewa. Uchochoro uko wazi, mkaguzi ameridhika, na pacha wana chumba chao kidogo upande wa nyuma. Mganga alisema jini amekwenda zake. Lakini Baba Pacha hatembei tena kama watu. Hata katikati ya uwanja mtupu, jua linawaka, hujigeuza ubavu, akabana pumzi, akasogea polepole.

“Baba Pacha, uwanja mzima ni wako,” mkewe humwambia. “Unajibana nini?”

“Usipaze sauti,” hunong’ona, macho yamemtoka. “Nampisha.”