Gari la Matangazo Lililonyamaza Lundo

Spika ilikuwa inatikisika, lakini haitoi sauti. Fundi Zaidi aliitazama, akaenda jikoni, akarudi na kiganja cha mchele na kuumwaga juu ya karatasi ya spika. Punje zikaruka. Ziliruka kwa mdundo kabisa, zikipanda na kushuka kama mahindi ya bisi, na chumba kizima kimya.

"Umewahi kuona kitu hiki, fundi?" aliuliza Dastan, mwenye gari.

"Sijawahi," alisema Zaidi, na neno hilo lilimuuma. Mbinga nzima ilimjua kwa majigambo yake: redio ikimshinda yeye, mwenye nayo akaizike.

Dastan alikuwa mtu wa matangazo. Juu ya paa la gari lake kulikuwa na honi mbili pana za kutangazia, na ndani redio, amplifaya na spika za milangoni. Alizunguka vijijini akitangaza mechi, minada na dansi, na mdomo wake ndio uliomlisha. Sasa gari zima lilikuwa limenyamaza. Zaidi alikuwa amebadilisha fyuzi ambayo wala haikuungua. Alipima waya mmoja mmoja, akakuta umeme unapita. Aliitoa redio akaiunga kwenye spika za karakana, ikaimba vizuri tu. Alipoirudisha garini, ikanyamaza. Mwisho aling'oa spika moja ya mlangoni, akaiingiza ndani na kuiweka mezani, waya wake mrefu ukipitia dirishani kutoka garini. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake.

"Ilikatika wapi?"

"Lundo, kule ziwani, jana mchana. Katikati ya wimbo."

"Hukugonga kitu? Hukupita kwenye maji?"

Dastan aliangalia viatu vyake. "Hapakuwa na kitu."

Zaidi akasikia harufu. Ilikuwa ya tope la ziwani na dagaa wa usipa walioanza kuchacha, nayo ilitoka kwenye spika. Mbinga ni baridi na kahawa. Ziwa liko mbali huko chini ya milima. Akageuka kutaka kumuuliza Dastan kama alikuwa amebeba samaki, na hapo mkewe akaingia na vikombe vya chai.

Zaidi alimpenda Hasna kwa sauti kabla hajamwona sura. Alimsikia akiimba kaswida nyuma ya pazia kwenye harusi ya watu, akauliza huyo binti ni wa nani, na hakulala mpaka posa ilipokubaliwa. Mpaka leo, mwaka wa tisa wa ndoa, alikuwa akizima redio za wateja ili amsikie akiimba jikoni.

"Karibuni chai," alisema Hasna, akainama juu ya meza. "Ee, mbona hii inatete—"

Sauti ilikatika hapo hapo. Midomo yake iliendelea. Akashika koo, vikombe vikadondoka na kupasuka sakafuni bila hata kishindo kimoja, na Zaidi alipofungua kinywa kumwita hakujisikia mwenyewe. Alisoma Ayatul Kursi kwa nguvu zake zote, lakini haikusikika hata herufi, akaendelea kuisoma moyoni huku akiona alama za vidole zikijichora kwenye shingo ya mkewe, vidole virefu kuliko vya mtu, vikibana.

Akakimbilia nje, akachomoa betri ya gari. Aliporudi, spika bado ilicheza. Akachukua koleo akaukata waya, na kitu kikamshika kifuani, kikamnyanyua na kumtupa kwenye rafu ya redio mbovu, rafu ikamwangukia na vyuma vyake, kioo kikamchana paji la uso mpaka damu ikaingia machoni, na yote hayo, ee Mola, yalitokea kimya kama picha ukutani.

Dastan alikuwa amejikunyata kwenye kona. Zaidi alimfuata kwa magoti, akamkaba shati, akanong'ona kwa sababu sauti ilikuwa haitoki. Mnong'ono ukasikika.

"Nini kilitokea Lundo?"

"Watu walikuwa wamekaa mchangani," Dastan alinong'ona huku akilia. "Wengi, kimya. Waliponiona wakanipungia mikono. Nikadhani wamefurahi muziki, nikaongeza sauti. Bibi mmoja akaja akapasua taa yangu kwa jiwe. Akaninong'oneza kwamba nimemwamsha. Sikujua, fundi. Mimi mtu wa Songea, nitajulia wapi?"

"Umemleta nyumbani kwangu!"

Walimbeba Hasna wakamlaza kiti cha nyuma. Alikuwa bado anapumua, lakini kila pumzi ilikuja ndogo kuliko iliyopita. Zaidi alirudisha betri, akaketi kando yake, Dastan akaendesha. Injini iliwaka bila mlio, na gari likateremka kuelekea ziwani likiwa halina sauti ya tairi wala ya upepo.

Kwenye kona kali za mteremko Hasna aliketi. Zaidi alifurahi, akadhani amepata nafuu, kisha akayaona macho yake: meupe, yamefunikwa utando kama ya samaki aliyelala juani. Mikono yake ikapita juu ya kiti cha mbele, vidole vikaingia kinywani mwa Dastan, vikashika taya la chini na kulivuta. Taya likatoka mahali pake. Gari likakwaruza ukuta wa mlima, likarudi kwenye ukingo ambako chini yake hapakuwa na kitu ila vilele vya miti, na Dastan akishika usukani kwa mkono mmoja, damu ikimtiririka kifuani, na Zaidi akimvuta mkewe kiunoni bila kumtikisa hata kidogo. Pale miguuni palikuwa na spana ya magurudumu. Aliiokota, akaiangalia mikono ile aliyoipaka hina mwenyewe siku ya Idi, na akaipiga. Akaipiga tena. Akaipiga mpaka vidole vikavunjika, na alilia kwa kila pigo. Mikono ikaachia.

Walifika Lundo jua likiwa bado juu. Watu walikuwa bado wameketi mchangani, wanawake kwa wanaume, na hakuna aliyesimama kuwapokea ila bibi mmoja mfupi, kavu, mwenye kitenge cha kanisa. Dastan alimtambua, akaficha uso.

"Shikamoo, Bibi," Zaidi alinong'ona.

"Marahaba. Mimi ni Benadetha. Nimewasubiri tangu jana, mmenichelewesha." Alimfungua Hasna kope, akanusa kinywa chake. "Hapa mtu akizama, ufuko mzima tunanong'ona mpaka maji yamtoe. Kuna jini humo ndani. Anamlalia maiti, na yuko usingizini. Tukinyamaza anajigeuza, anamwachia mtoto wetu aje juu. Huyu rafiki yako akampigia muziki sikioni."

"Ameshika sauti ya mke wangu."

"Ameimeza. Muziki wenu alianza nao, akauonja, akaona mtamu. Sauti ya mtu ni tamu zaidi. Akimaliza sauti anakula pumzi." Aliweka kiganja kifuani mwa Hasna. "Amekaribia."

"Mtoe, Bibi. Nakuomba."

"Anatoka kwa njia aliyoingilia, na haondoki mpaka atapike vyote alivyokula. Ila hatapiki ovyo. Lazima apate sikio la kumtapikia." Bibi alimkazia macho. "La mtu anayeitaka ile sauti kuliko sikio lenyewe. Mimi sina sauti ninayoitaka kiasi hicho. Wewe unayo?"

Zaidi alipanda juu ya paa, akazifungua zile honi mbili, akazishusha mchangani na kuzielekeza midomo kwa midomo. Akaunga waya, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, kazi aliyoweza kuifanya usingizini. Alimtazama Hasna mara moja. Midomo yake ilikuwa imeshakuwa ya buluu. Akapiga magoti, akaingiza kichwa kati ya honi na kumpungia Bibi mkono awashe redio.

Kwanza alisikia mtu anavuta pumzi ndani ya sikio lake, polepole, kama anayekagua nyumba kabla ya kuhamia, kisha vikaja vyote kwa mpigo, muziki wa jana na kelele za Dastan, vishindo vya vikombe na rafu na injini na chuma kwenye mwamba, na Ayatul Kursi yake mwenyewe ikikimbia, na spana juu ya mifupa, na nyuma ya hayo yote ukelele wa kitu kisicho mtu kikiraruliwa kutoka mahali kilipopapenda, na damu ikamtoka masikioni na puani, akang'ang'ania honi wala hakuondoa kichwa, kwa sababu alikuwa hajasikia bado kile alichokifuata, mpaka mwisho kabisa kikaja, kidogo na safi: *Karibuni chai. Ee, mbona hii inatete—*

Kisha hapakuwa na kitu tena.

Alipofumbua macho, vioo vyote vya gari vilikuwa vimepasuka. Watu walikuwa wanakimbilia majini, ambako mwili wa kijana aliyezama ulikuwa umeibuka, wanawake wakijipiga vifua na vinywa vyao wazi kwa kilio. Dastan alikaa mchangani akilishika taya lake kwa mikono miwili. Bibi Benadetha alimgusa Zaidi begani, akamwonyesha kwa kidole.

Hasna alikuwa ameketi. Macho yake yalikuwa yake. Aliinua mikono yake iliyovunjika, akaitazama bila kuelewa, akamtazama mumewe na damu iliyomwagika shingoni, akaanza kusema. Alisema haraka, akilia, midomo ikifunguka na kufungwa, na koo lake lilitetemeka vizuri. Akasita kungoja jibu. Akasema tena, kwa nguvu zaidi.

Zaidi alimsogelea kwa magoti, akamshika uso.

"Ongea, mke wangu," alisema, asijue kama ananong'ona au anapiga kelele. "Ongea tu. Nakuona."