Kijiko Kimoja, Kisha Ngoja

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka, Binti Wembe alimnyoa baba yake ndevu.

Duka lilikuwa la baba. Alikuwa kinyozi kwa miaka arobaini, hata mtaa mzima ukasahau jina lake ukamwita Mzee Wembe. Kazi hiyo alimfundisha binti yake yeye mwenyewe.

"Ukifika kooni, mwambie mteja asimeze mate," alikuwa akisema. "Akimeza, koromeo linaruka. Na wembe hauna huruma."

Sasa Mzee Wembe alikuwa kitandani. Miezi miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote: mkono, mguu, hata mdomo. Sauti yake ilipitia puani, na maneno yalitoka kama yamelowa.

"Siku hizi wewe ni mteja mzuri, baba," binti alimtania, huku akipitisha wembe kooni. "Huruki wala hutikisiki."

Mzee alitabasamu kwa upande mmoja.

Shangazi, dada yake mzee, aliingia na bakuli la uji. Ulikuwa mwepesi kama maji yaliyosuuza chungu.

"Nimeuzimua vizuri, kaka. Utateleza wenyewe."

Alimlisha akiwa amelala, kichwa juu ya mto. Kijiko cha kwanza, mzee akapaliwa. Cha pili, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na uji ukachuruzika puani. Cha tatu akakifungia mdomo, akageukia ukutani.

"Acha kudeka, kaka," Shangazi alisema. "Unataka kumfuata wifi?"

Wifi yake, yaani mama yake binti, alifariki mwaka uliopita. Yeye pia alipatwa na kiharusi. Yeye pia alilishwa uji mwepesi, juu ya mto huohuo. Alikohoa, akashikwa na homa, kifua kikakoroma, akafa. Watu walisema siku zake zilikuwa zimefika.

Binti alimfuta baba uso. Paji lilikuwa la moto. Akaweka sikio kifuani.

"Shangazi," alisema polepole, "mlio huu naujua."

Alitoka mbio na aproni yake ya kazi, nywele za wateja wa jana zikiwa bado zimeng'ang'ania mfukoni. Alikwenda kumwita Mama Tochi, muuguzi anayewatembelea wagonjwa majumbani. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuna kinywa alichopita bila kukimulika.

Mama Tochi alikisikiliza kifua cha mzee, kisha akakunja vifaa vyake.

"Ni nimonia. Anakwenda hospitali sasa hivi."

Mzee alilazwa siku tisa. Huko walimtibu, wakapima pia jinsi anavyomeza. Alirudi amekonda, shati linamning'inia. Siku hiyohiyo Mama Tochi akaja nyumbani.

"Leo wateja ni nyinyi," alisema. "Binti, lete kioo cha dukani. Fungua kinywa."

Binti alikitazama kinywa chake mwenyewe kwenye kioo, tochi ikimulika.

"Pitisha ulimi juu, kwenye paa la kinywa. Mbele ni pagumu, pana mfupa. Nyuma ni palaini. Hapo panaitwa kaakaa laini. Hako kanakoning'inia mwishoni ni kilimi. Sema aaa."

"Aaa!"

"Umeona?"

"Limepanda juu!"

"Ukimeza pia linapanda, ili kuziba njia ya kwenda puani. Sasa mtazame baba. Mzee wangu, sema aaa."

Mzee akasema. Kaakaa lake lilipanda upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki umelala.

"Ndiyo maana uji ulitokea puani," Mama Tochi alisema. "Na ndiyo maana sauti yake inapita huko. Hakuwa anadeka."

"Mimi nilisema anadeka," Shangazi alinong'ona.

"Chini zaidi, kooni, kuna njia mbili. Ya nyuma ni umio, inapeleka chakula tumboni. Ya mbele inapeleka hewa mapafuni. Ukimeza, koromeo linapanda na kifuniko kidogo kinaifunika njia ya hewa. Likichelewa, chakula kinaingia mapafuni. Binti, weka vidole kooni kwa baba. Mzee, meza mate."

Binti aliweka vidole. Vidole hivyo vilikuwa vimeshika makoo ya watu wasiohesabika. Akangoja. Akaendelea kungoja. Kisha koromeo likapanda kidogo, kama mtu mchovu anayeinuka kitini.

Akaondoa mkono haraka.

"Mimi nilidhani ametulia," alisema. "Kila Jumamosi nilimtania. Vidole vyangu vilijua."

"Vilijua. Ila hakuna aliyekwambia maana yake."

Shangazi alikuwa bado na neno. "Lakini uji mwepesi si ndio rahisi kumeza?"

"Kila mtu anadhani hivyo, dada yangu. Kitu chepesi kinakimbia. Kinafika kooni kabla koromeo halijainuka. Uji mzito unatembea taratibu, unampa nafasi. Hospitali wamempima, wakaona mzito unamfaa. Mgonjwa mwingine naye apimwe kwanza, msimpe tu kwa kumwiga huyu."

Wakamketisha mzee wima kitini, kidevu kikiinama kidogo. Mama Tochi aliendelea kusema huku akiweka mito.

"Kijiko kidogo, kisha ngoja. Mpaka koromeo lipande ndipo ulete kingine. Akikohoa, au sauti ikitoka na majimaji, acha. Akisinzia, usimlishe kabisa. Akimaliza akae hivihivi nusu saa, asilale. Na mumpigishe mswaki kila siku, maana uchafu wa kinywani ukishuka mapafuni unaleta maradhi. Wengine chakula kinaingia mapafuni hata bila kukohoa. Mkiona homa au kifua kinakoroma, msingoje kesho."

Shangazi alikishika kijiko, lakini mkono haukuinuka.

"Na wifi?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyemlisha."

Mama Tochi aliizima tochi.

"Sitakudanganya. Huenda uji ulimwingia mapafuni. Huenda pia angetutoka hata bila uji, kwa kuwa kiharusi chake kilikuwa kikali. Sina namna ya kujua. Ninachojua ni kwamba alitoka hospitali na karatasi ya dawa tu. Hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kumlisha. Kosa hilo ni letu sisi wauguzi."

"Lakini mkono ulikuwa wangu."

Akakiweka kijiko mezani. "Mlishe wewe, mwanangu. Mimi simgusi tena."

Binti alikichukua. Mzee akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akamwelekezea dada yake kidole.

"Wewe," alisema kwa sauti ya puani.

"Kaka, naogopa."

"Wewe."

Shangazi akavuta kiti karibu. Alichota nusu kijiko. Akamtia kinywani, akangoja, macho yake yasitoke kooni kwa kaka yake. Wote wakangoja. Koromeo likachelewa, likachelewa, kisha likapanda.

"Sema aaa, kaka."

"Aaa." Sauti ilikuwa ya puani, lakini kavu.

Bakuli lilikwisha baada ya dakika arobaini. Uji ulikuwa umepoa kitambo.

Sasa miezi mitatu imepita. Homa haijarudi. Shati la mzee limeanza kumkaa vizuri mabegani, na binti akimnyoa Jumamosi humwambia asimeze, kwa sababu koromeo linaruka tena kidogo.

Shangazi ndiye anayemlisha. Akimaliza, humsafisha kinywa, kisha hukaa naye ile nusu saa ili asilale. Nusu saa ni ndefu, na hao wawili wana mtu mmoja tu wa kumzungumzia. Shangazi humsimulia wifi yake: alivyocheka, alivyopenda kugombana na redio. Mzee husikiliza. Siku nyingine hulia wote wawili.

"Lia, kaka," Shangazi humwambia, akimrekebishia mto mgongoni. "Ila kaa wima."