Bitana ya Njano

Gauni lilikuwa linapumua. Obdulia, mshonaji mkuu, aliliona mchana baada ya chakula, Madrid yote imefunga madirisha kwa joto. Kifua cha gauni kilipanda, kikashuka, na ndani yake hamkuwa na mtu, ni sanamu la kupimia nguo tu.

"Bi Casilda," alinong'ona, "umetia nini humu?"

"Bitana. Ya njano."

Obdulia akajipiga ishara ya msalaba. Watu wa jukwaa wa Uhispania hawavai njano, ni nuksi. Hata mfagia ukumbi analijua hilo. Lakini Casilda Ferrándiz alitoka kwenye mitindo, na huko njano ndiyo iliyompa jina, akaja kushonea maigizo na kiburi chake chote. Gauni lenyewe lilikuwa la bintiye Elvira, aliyekuwa anajiandaa kuimba kwa mara ya kwanza kama mwimbaji mkuu. Mama alitaka binti awe na rangi yake karibu na ngozi. Mapenzi gani hayo, jamani!

"Itoe, dada, nakuomba."

"Acha ushamba wako. Nani ataiona?"

"Aliyemo humo ameshaiona."

Elvira akaja kujaribu. Alipofungwa vifungo, chumba kikanuka mishumaa iliyozimwa na nyama iliyochacha.

"Mama, linanibana."

"Punguza maandazi ya churro, malkia wangu."

"Sitanii, Mama. Kuna mkono kooni."

Sauti yake ilikuwa imekauka. Kisha wimbo wake ukasikika, mtamu, kila neno mahali pake, ilhali midomo yake imefumbwa. Ulitoka kiunoni mwa gauni.

Wakamvua gauni haraka. Obdulia akamkalisha ukumbini, akampa maji, akarudi na kufunga mlango. Casilda alishika mkasi, akafumua bitana mshono kwa mshono, na kila uzi ulipokatika kitu kilimvuta vidole kutoka upande wa pili, kikimpumulia usoni ile harufu, naye akakata, akalia, akakata, akijiambia heri gauni lipotee, heri onyesho lipotee, heri jina lake lote lipotee mradi mtoto aimbe, mpaka hariri yote ya bitana ikabaki mikononi mwake, akaitupa kwenye jiko la chuma na kuwasha.

"Mama! Mama, naungua!"

Ilikuwa sauti ya Elvira, motoni.

"Usiisikilize!" Obdulia alimng'ang'ania mkono. "Linakudanganya, ibilisi hilo!"

"Mama, nitoe!"

Casilda akafumba macho, akaisukuma kwa mkasi hadi ikawa majivu. Sauti ikakatika. Harufu ikaisha. Wanawake wale wakakumbatiana, wakacheka kama wendawazimu.

"Elvira!" aliita Casilda, akifungua mlango. "Limekwisha, mwanangu!"

Elvira alikuwa amesimama palepale mlangoni, machozi yanamchuruzika, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Alikuwa anamwita mama yake kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichosikika.