Buni Mia Moja Juu ya Mpira

Kila asubuhi Nuriat na Yuster waliingia pamoja katika shule yao ya Kahororo, mjini Bukoba. Wote wawili walisoma darasa la sita. Nuriat alikuwa mtoto wa mjini, majibu yamejaa mdomoni kabla swali halijaisha. Yuster alikuwa mgeni. Baba yake, Mzee Ndaki, ni mvuvi katika visiwa vya Muleba, na Yuster aliletwa kwa shangazi yake ili asome. Siku ya kwanza alipoingia darasani, Nuriat ndiye aliyesogea na kumpa nafasi kwenye dawati. Tangu hapo wakawa chanda na pete.

Maonyesho ya sayansi yalipokaribia, Mwalimu Karugendo aliwapa kazi. "Mtu aliye angani anaona sehemu kubwa kiasi gani ya Dunia? Inategemea yuko mbali kiasi gani. Sitaki maneno, nataka mpime."

Walisuka mpira wa majani makavu ya migomba, wakabandika juu yake buni mia moja, zile mbegu za kahawa, pande zote. Mpira ndio Dunia. Mmoja angeutazama kwa jicho moja, bila kusogea: kwanza akiwa karibu, upana wa kiganja tu, kisha hatua moja, kisha hatua tano. Mwenzake angegusa buni moja moja kwa kijiti na kuuliza, "Hii unaiona?" Wakapatana wakutane shuleni Jumamosi.

Jumamosi ikafika, na senene, wale panzi watamu wa msimu, nao wakafika! Nuriat alikwenda Kibeta kwa mama yake mdogo, akakuta ndoo mbili zimejaa. Akaketi na binamu zake kunyonyoa mabawa, porojo na vicheko mpaka mchana. Yuster alimjia akilini mara moja tu. "Aa, namba tu zile," akajiambia. "Nitaziandika mwenyewe."

Akaziandika kweli. Kiganja, buni 78. Hatua moja, 52. Hatua tano, 30. Aliona ni jambo lililo wazi: kitu ukikisogelea, unakiona zaidi.

"Nilikungoja mpaka saa sita," Yuster alimwambia Jumatatu.

"Usijali, nimeshamaliza," akajibu Nuriat.

Darasani Mwalimu Karugendo alisoma daftari, akakunja uso. "Sabini na nane? Jicho halioni zaidi ya nusu ya mpira, hata likae wapi. Upande wa nyuma umejificha. Nani alikuwa anatazama?"

Masikio ya Nuriat yalipata moto. Angeweza kusema kweli. Jamani, neno moja tu! "Yuster," akasema.

Darasa likaangua kicheko. "Macho ya dagaa hayo!" mmoja akapaza sauti. Yuster alifungua mdomo, akamtazama Nuriat, akaufunga. Mwalimu akaamua kwamba Ijumaa, siku ya maonyesho, Yuster asisimame mezani. Na Mzee Ndaki alikuwa ameshaahidi kuja kwa boti kumwona mwanawe.

Jioni mama yake Nuriat, Mama Ashura, alimwekea sahani ya senene wa kukaanga. Nuriat hakuonja hata mmoja.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Nina aibu." Akamweleza yote, machozi yakimtiririka.

Mama hakumbembeleza. "Aibu hiyo siwezi kukubebea. Kesho nenda ukaseme."

Asubuhi alimkuta Yuster langoni. "Kwa nini hukukanusha jana?" akamuuliza.

"Ningesema nini?" Yuster akajibu polepole. "Darasa zima, ni wewe tu unayekaa na mimi."

Lo! Nuriat alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa walimu, akakiri.

Mwalimu Karugendo alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulimsingizia mbele ya darasa," akasema. "Huku ofisini unaniambia ili nani asikie?"

Basi akasimama mbele ya wenzake. "Yuster hakuhesabu chochote. Aliningoja, mimi sikuja. Namba nilizitunga. Nikamsingizia." Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mwalimu akaleta mpira mezani. Yuster akatazama, Nuriat akashika kijiti. Kwa kiganja, buni 21. Hatua moja, 43. Hatua tano, 48.

"Mnaona?" Mwalimu akasema. "Aliye angani karibu na Dunia huona kipande kidogo tu. Akienda mbali, huona sehemu kubwa zaidi, lakini kamwe hafikii nusu nzima." Kisha akafuta namba za uongo daftarini. "Nuriat, namba nimezifuta kwa raba. Kile kicheko alichochekwa mwenzako, tukifute kwa raba gani?"

Nuriat aliitazama raba mkononi mwa Mwalimu.

"Hakifutiki," Mwalimu akasema, sasa kwa upole. "Ndiyo maana kazi usiyoifanya, sema hukuifanya. Ungepata aibu ya dakika moja, na ingekuwa yako peke yako. Ijumaa Yuster ataeleza, wewe utashika kijiti."

Walipotoka nje Nuriat akasema, "Nisamehe, Yuster."

"Nimekusamehe," Yuster akasema. "Lakini Jumamosi nyingine kama huji, niambie. Nilikaa pale na mpira peke yangu, nikajaribu kutazama na kugusa mwenyewe, nikashindwa."