Mayai ya Kuku Weupe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Biasha alifungua banda la kuku. Aliondoa gogo lililoegemezwa mlangoni, akasimama kando, na kuku wakatoka wakisukumana. Wa kwanza alikuwa Kishingo, tetea mweusi asiye na manyoya shingoni, ambaye marehemu mama yake Biasha alimlea tangu akiwa kifaranga. Nyuma yake walifuata matetea wengine weusi na wenye madoadoa, kisha majogoo. Biasha aliwamwagia pumba za mtama, akafagia banda, akanawa miguu na kumngoja rafiki yake Ashura apite wafuatane shuleni.

Kwao kulikuwa Nkowe, upande wa Ruangwa. Baba yake, Mzee Yunusi, alilima ufuta na mtama, na alikuwa na mikorosho michanga nyuma ya nyumba. Mashamba makubwa ya karanga yalipofunguliwa Nachingwea, alikwenda huko kufanya kazi ya kung'oa visiki, akamwacha Biasha kwa shangazi yake, Bi Sofia. Mashamba yale yalipopunguzwa na watu wengi kuachishwa kazi, Mzee Yunusi alirudi kwenye jembe lake. Hakurudi peke yake. Alikuja na mke mpya aitwaye Mwanaheri, mjane aliyekuwa akitunza kuku wa familia moja ya Wazungu kule Nachingwea. Familia ile ilipofunga safari ya kurudi kwao, ilimwachia kuku kadhaa. Basi Mwanaheri aliingia Nkowe na sanduku moja la nguo na tenga la kuku.

Kuku wenyewe walikuwa weupe pe, miguu ya njano, na upanga mwekundu kichwani ulioangukia upande mmoja hadi kufunika jicho. Watu walikuja kuwatazama. Bi Sofia naye alikuja, akawazunguka, akaguna. Kisha alimvuta Biasha pembeni.

"Angalia vizuri, mwanangu," alimnong'oneza. "Leo kaleta kuku wake. Kesho wa mama yako hutawaona."

Maneno yale yalimkaa Biasha moyoni kama mwiba. Tangu siku hiyo alianza kumchunguza Mwanaheri, ambaye sasa alimwita mama mdogo, na kila alichokiona kilimtia shaka.

Kwanza aliona unga. Alasiri moja alimkuta Mwanaheri amechuchumaa nyuma ya jiko, anatwanga kitu cheupe katika kinu kidogo. Alipomaliza, aliuchanganya unga ule na pumba akawamwagia kuku wote, hata Kishingo. Biasha alitaka kuuliza ni kitu gani, lakini alijizuia. Mtu akikusudia mabaya atakuambia kweli? Aliondoka kimyakimya, na siku zile akawa anamtazama Kishingo kila saa kuona kama anasinzia.

Kisha aliona vidole. Mwanaheri aliwakamata matetea weusi mmoja mmoja, akamtazama kila mmoja upanga na miguu, halafu akamgeuza na kumpapasa mifupa ya chini ya mkia, kama mtu anayepima kitu. Wengine aliwaachia. Wengine wawili aliwafunga kamba mguuni. Biasha, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, aliona kuwa hiyo ndiyo njia ya kuwachagua wa kuchinjwa.

Jambo la tatu alilisikia kwa masikio yake. Baba yake alikuwa akisema barazani kwamba mtama wa mwaka ule haukutosha kulisha kuku wote hao. Ataangalia kundi lipi linataga vizuri, na lile jingine atalipeleka sokoni Nachingwea kabla ya mvua. Mwanaheri alijibu kwa sauti ya chini ambayo Biasha hakuisikia.

Hapo Biasha aliona mambo yote yamekaa wazi. Kuku weupe walikuwa wanataga karibu kila siku, wakati weusi wakitaga kwa kupumzika pumzika. Basi kuku wa mama yake wataondoka, na katika nyumba ile hakutabaki chochote kilichopita mikononi mwa mama yake.

Kazi ya kuokota mayai ilikuwa ya Biasha. Mchana, akitoka shule, baba na mama mdogo huwa bado wako shambani. Siku iliyofuata aliingia bandani, akakuta mayai meupe yamejaa katika kiota kimoja. Aliacha mawili ili weupe waonekane hawatagi sana, mengine akayafunga kwenye upindo wa kanga. Kuyavunja hakuweza, kwa sababu alilelewa kuheshimu chakula. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko la zamani la mama yake, ambalo paa lake lilikuwa limeanguka upande mmoja. Ndani mlikuwa na mtungi uliopasuka, umelala ubavu. Biasha aliweka nyasi kavu ndani ya mtungi, akayapanga mayai juu yake. Alijiambia kwamba atayarudisha mambo yakiisha.

Alifanya hivyo siku kadhaa, mpaka mtungi ukajaa. Baada ya hapo aliyaficha mayai mengine chini ya majani makavu ya mkorosho, lakini kila alipokwenda kutazama alikuta maganda matupu na alama za kucha za kenge. Jioni alimpa baba yake mayai mawili matatu ya kuku weupe, na Mzee Yunusi akatikisa kichwa.

"Ulisema hawa wanataga sana," alimwambia mkewe.

Mwanaheri alikwenda bandani, akawashika kuku wake na kuwapapasa. Aliporudi uso wake ulikuwa umekunjamana. Alisema kuku wale wanataga, hana shaka, ila mayai yanakwenda mahali. Alipokuwa anasema hivyo hakumtazama mtu, lakini Biasha alihisi joto masikioni.

Siku hizo hizo Kishingo alitoweka. Asubuhi hakutoka bandani. Biasha alimtafuta kwenye mikorosho, kwenye ufuta, hata njiani, akimwita kwa kugonga kibuyu cha pumba. Hakuona hata unyoya. Alikwenda kwa shangazi yake analia, akamweleza kuwa mama mdogo amemchinja Kishingo. Bi Sofia alifikiri kidogo, kisha akasema si lazima awe yeye. Mayai yanapotea, na sasa kuku amepotea. Nani anayekatiza uani kwao kila siku?

Aliyekatiza uani kwao kila siku alikuwa Ashura, akienda kisimani na akija kumpitia Biasha.

Bi Sofia alimfikishia Mzee Yunusi wazo lile. Mzee Yunusi alikuwa mtu mpole, naye alikwenda kwa baba yake Ashura, Mzee Awadhi, akazungumza kwa adabu, bila kumtaja mtu kuwa mwizi. Lakini maneno ya namna hiyo hata yakifunikwa hunuka. Mzee Awadhi akasema kwamba kuanzia siku ile mwanawe hatakanyaga ua ule.

Kesho yake Biasha alingoja mpaka jua likapanda. Ashura hakupita. Shuleni walikaa dawati moja kama kawaida, lakini Ashura aliweka mkoba wake katikati yao, na kalamu ya Biasha ilipoanguka upande wake hakuiokota. Wakati wa mapumziko Biasha alisikia watoto wawili wakicheka na kusema, "Mwizi wa mayai." Ashura aliinama akajifanya anafunga kanga. Biasha alifungua mdomo, akaufunga tena. Angesema nini? Akisema Ashura hakuiba, watauliza ni nani basi.

Majuma yalipita hivyo, huku mayai meupe yakiendelea kuishia chini ya mkorosho. Biasha hakukaribia tena jiko la zamani. Aliogopa kuonekana njia ile, na harufu ya mayai yaliyooza, kama yalikuwa yameoza, ingemsuta. Chakula hakikumpanda. Usoni kwa mama mdogo aliona dalili za mtu anayejua kitu, na usoni kwa baba yake aliona uchovu.

Siku moja jioni Mzee Yunusi alitoa tenga, akalikagua, na kutangaza kwamba alfajiri atalifunga kwenye baiskeli awapeleke kuku weupe Nachingwea. Mwanaheri hakubisha. Alisema tu kwamba atawapa maji ya kutosha kabla ya safari. Mzee Yunusi akaenda kuazima kamba kwa jirani.

Biasha alikuwa anafagia uani. Alipaswa kufurahi, maana ndicho alichokitaka, lakini mikono ilikuwa mizito. Ndipo aliposikia sauti aliyoijua, sauti ya kuku anayeita watoto wake. Alitazama upande wa jiko la zamani. Kishingo alikuwa anatoka taratibu, amekonda, mbawa amezishusha, na nyuma yake vifaranga wakimkimbilia, wote wa njano kama kiini cha yai. Hakukuwa na hata mmoja mweusi.

Mwanaheri alitua ndoo ya maji chini. Alichuchumaa, akawatazama vifaranga kwa muda. Kisha aliinuka, akaenda mpaka kwenye jiko la zamani, akachungulia ndani, akarudi.

"Vifaranga wa Kishingo huwa weusi," alisema taratibu. "Hawa ni wa kuku weupe. Kayakuta mayai mtungini akayalalia. Lakini kuku hawezi kubeba mayai, Biasha. Mtu ndiye aliyeyabeba."

Biasha alishikilia ufagio kwa mikono miwili.

"Baba yako yuko njiani anarudi," Mwanaheri aliendelea. "Mimi sitasema kitu. Neno hili ni lako."

Biasha alingoja atukanwe, au apigwe. Mwanaheri alichukua kigae, akakijaza maji na kukiweka mbele ya Kishingo. Biasha akaona bora amalize yote.

"Mama mdogo," alisema, "ule unga mweupe uliokuwa unawapa, ulikuwa wa nini?"

Mwanaheri alimgeukia kwa mshangao. Alimweleza kuwa yalikuwa maganda ya mayai, ameyachoma kidogo na kuyatwanga. Kuku anayetaga sana akiyakosa hutaga mayai ya ganda laini, hata huanza kuyala mwenyewe. Na kuwapapasa je? Mwanaheri akamshika mmoja wa kuku weupe, akaweka vidole vya Biasha chini ya mkia, kwenye mifupa miwili. Nafasi ilikuwa pana, vidole vitatu viliingia. Huyu anataga, alisema. Ambaye mifupa yake imebana, na upanga umesinyaa, huyo hatagi kwa sasa. Wale wawili aliowafunga kamba walikuwa ndio wazuri kuliko wote miongoni mwa weusi, na aliwawekea alama wasije wakauzwa kwa makosa.

"Kwa nini uwaache kuku wa mama?" Biasha aliuliza, machozi yakimtoka.

"Kwa sababu hawa wangu ni wa kutaga tu. Hawajui kulalia. Yai likishatoka, hawana habari nalo. Halafu ni weupe, mwewe anawaona toka mbali, na wao hata hawakimbii. Bila hao weusi wa mama yako, hawa wangekwisha. Nilimwambia baba yako siku ile barazani kwamba nawataka wote."

Mzee Yunusi aliingia na kamba begani. Aliwaona vifaranga, akasimama. Biasha aliweka ufagio chini, akapiga magoti mbele ya baba yake na kumweleza yote: mtungi, mkorosho, maganda, na jinsi alivyonyamaza Ashura aliposingiziwa. Alisema bila kumtaja shangazi yake, wala kusema kwamba alidanganywa na mtu.

Mzee Yunusi alikaa juu ya tenga. Hakufoka. Aliuliza swali moja tu, kama Mzee Awadhi amekwisha kusali magharibi. Mwadhini alikuwa bado hajaadhini. Basi aliinuka, akamshika Biasha mkono, wakaenda.

Safari ile fupi ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. Biasha alirudia maneno yale mbele ya Mzee Awadhi, mkewe, na Ashura aliyesimama mlangoni. Baada yake Mzee Yunusi naye aliomba radhi, akasema yeye ni mtu mzima aliyepaswa kuchunguza kwake kabla ya kuja kwa jirani. Mzee Awadhi alikubali, lakini alitaka jambo lile lisemwe pia shuleni, kwa kuwa huko ndiko mwanawe alikovunjiwa heshima. Biasha alikubali. Ashura akageuka, akaingia ndani.

Kesho yake Biasha alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama mbele ya darasa na kusema kwamba mayai aliyaficha yeye, Ashura hakuiba. Ashura aliendelea kutazama chini, lakini siku chache baadaye aliondoa mkoba wake katikati ya dawati.

Kuku weupe hawakupelekwa Nachingwea. Mzee Yunusi na mkewe walikaa uani wakachagua upya, na safari hii walimwita Biasha awashike. Walibaki weupe kwa kutaga, na weusi walio wepesi wa kulalia na wakali kwa mwewe. Majogoo waliozidi, ambao kazi yao ilikuwa kula mtama na kupigana, ndio waliouzwa. Hata Bi Sofia alikuja kuomba mayai ya kulaliwa na tetea wake. Mwanaheri alimchagulia mazuri bila kumkumbusha kitu.

Shangazi alipoondoka, Biasha alimuuliza mama yake mdogo kwa nini hakumsema.

"Nilimwona akija na shaka zake tangu siku ya kwanza," Mwanaheri alijibu. "Na wewe nilikuona nyuma ya mlango. Mimi pia nilikosa, ningekuita ukae karibu yangu. Lakini sikiliza, mwanangu. Mtu ukimshuku, kila afanyacho kitakuonyesha ubaya, hata akitwanga maganda ya mayai. Ukiona jambo hulielewi, uliza. Jibu likikuudhi, utakuwa umejua. Usipouliza utajijibu mwenyewe, na jibu hilo ndilo lililomfanya Ashura aitwe mwizi."

Biasha aliitikia kwa kichwa. Nje, Ashura alikuwa anamwita kutoka njiani, bado hajaingia uani. Biasha alichukua ndoo yake akatoka kumfuata, wakaenda kisimani pamoja.