Mparachichi wa Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Vestina alichota maji kwenye pipa, akazunguka nyuma ya jiko na kumwagilia miparachichi yake miwili. Mama yake, Hilda, ndiye aliyempa kona ile ya bustani alipoingia darasa la tano, akamwachia achague mwenyewe aina za kupanda. Vestina hakukurupuka. Walikwenda wote wawili hadi kwenye kitalu cha miche Makambako, akauliza maswali mpaka mwenye kitalu akacheka. Mwishowe alichagua Hass, ambayo tunda lake huwa jeusi likiiva na wanunuzi huligombania. Akaongeza na Fuerte, ambayo tunda lake hubaki la kijani, kwa sababu aliambiwa kwamba aina hizo mbili zikikaa jirani huchavushana vizuri.

Sasa alikuwa darasa la sita, na ule wa Hass ulikuwa umempita kimo. Majirani waliokuwa wakienda mashambani walisimama kuutazama.

"Kamwene, Vestina!" walimsalimu kwa Kibena. "Una mkono mzuri wewe!"

"Kamwene," alijibu, huku akisukumia nyasi kwenye shina kwa mguu. Hakupenda mtu asogee karibu na shina lile.

Mwaka uliopita, mwezi wa sita, mama yake alikwenda Tandala kumuuguza dada yake aliyelazwa hospitalini. Kabla ya kuondoka alimsisitizia Vestina afunike miche kila jioni kwa magunia, kwa maana baridi ya Njombe miezi hiyo huleta jalidi, umande unaoganda na kuunguza mimea kama moto. Vestina alifunika vizuri siku za mwanzo. Kisha jioni moja alikawia kwa rafiki yake Tabea, akarudi amechoka, akajiambia kuwa siku moja haina neno.

Asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe. Fuerte, iliyokingwa na ukuta wa jiko, ilipoteza majani tu. Hass ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi kuanzia kileleni hadi kwenye utepe wa nailoni, pale mwenye kitalu alipounganisha kikonyo, yaani kijitawi, cha Hass na shina la kienyeji.

Mama aliporudi aliuliza, "Miche haijambo?"

"Haijambo, mama."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na magunia aliyoufunika mche uliokauka yakauficha. Wiki chache baadaye, chipukizi nene likatokeza chini ya utepe. Vestina alijua vizuri maana yake, kwani mwenye kitalu alikuwa amemwonya: kinachochipua chini ya maungio si Hass, ni lile shina la kienyeji. Lakini chipukizi lilikuwa la kijani na lenye afya. Alikata sehemu iliyokufa, akauvua utepe, akarundika nyasi kufunika kovu. Mti ukakua, na sifa nazo zikakua.

Huenda mambo yangebaki hivyo kama si Mwalimu Ezekia, aliyefundisha kilimo. Wanafunzi wake walikuwa wameotesha kokwa za parachichi kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, na miche ilikuwa imefikia kiwango cha kubebeshwa, yaani kuunganishwa vikonyo vya aina bora.

"Jumamosi tutafanya kazi hiyo nyumbani kwa Vestina," alitangaza darasani. "Vikonyo vyote vya Hass tutavikata kwenye mti wake. Mpigieni makofi mwenzenu!"

Makofi yalipigwa. Tabea aligeuka, uso umejaa furaha. "Bibi ameshanipa nafasi ya kupanda, nyuma ya nyumba. Miti yetu itakuwa ndugu!"

Vestina alijilazimisha kutabasamu. Vipindi vilipokwisha alimfuata mwalimu. "Mwalimu, mti wangu bado mdogo. Labda tusubiri mwakani."

"Mdogo? Nimeupita jana tu nikauona. Acha kujishusha, binti."

Nyumbani hali haikuwa nafuu. Mama alikuwa akichagua viazi vikubwa vya kuwachemshia wageni, na kila aliyepita alielezwa habari za Jumamosi. Vestina hakuona pa kupenya. Akisema kweli, ataaibika mbele ya kijiji kizima. Akinyamaza, wenzake wote watamwagilia na kupalilia kwa miaka, halafu wachume matunda ambayo hakuna mnunuzi atakayeyataka.

Ijumaa baada ya shule alichukua panga, akaenda nyuma ya jiko. Angeuangusha mti na kusema ng'ombe ameuvunja. Akainua mkono. Lakini ng'ombe wa nani? Ameingilia wapi, na mbona hakuna nyayo? Na mwenye ng'ombe akija kujitetea, je? Uongo mmoja ulikuwa umembana kiasi hiki. Huu wa pili ungembana yeye pamoja na mtu asiye na kosa. Alirudisha panga jikoni.

Jumamosi darasa zima lilifika, kila mmoja amekumbatia kiriba chake. Mwalimu Ezekia alikata kikonyo cha kwanza kwenye mti wa Vestina, akakichonga ncha.

"Nani aanze?"

"Mimi!" Tabea alisogeza mche wake. Ulikuwa umenyooka, majani yake yamefutwa vumbi moja moja. Mwalimu akaweka kisu kwenye shina ili akate kilele.

"Mwalimu, usikate!"

Wote waligeuka. Vestina alikuwa amepiga magoti, akiparua nyasi kwa mikono miwili mpaka kovu likaonekana. "Hii siyo Hass," alisema huku machozi yakimtoka. "Hass iliuawa na jalidi mwaka jana. Mimi ndiye niliyeacha kuifunika. Hili ni chipukizi la chini, na nilijua."

Mwalimu aliinama akachunguza. "Kweli," alisema taratibu. "Ni la kienyeji."

Mama alisimama mlangoni na sufuria ya viazi. Tabea alivuta kiriba chake kifuani.

"Na ungeniacha niupande?"

"Nilitaka kukuambia. Sikujua nianzie wapi."

Tabea aligeuka akaondoka. Mwalimu alipiga simu kwa Mama Emerensiana, mkulima aliyekaa jirani na parokia, ambaye Hass yake ilikuwa imeshazaa misimu kadhaa. Alikubali kuwapa vikonyo, na darasa likafunga safari kwenda kwake. Vestina alibaki ameketi pale chini, mbele ya mti wake.

Mama alikuja akaketi kando yake. "Nilipokuuliza siku ile, uliogopa nini?"

"Nilidhani hutaniamini tena."

"Ningekasirika, ndiyo. Kisha tungerudi Makambako kuchukua mche mwingine, na mambo yangeishia hapo. Kusahau kazi ni kosa, mwanangu, lakini kosa likisemwa mapema hurekebishika. Wewe ulilifunika, ukalazimika kulilinda kila siku. Mwaka mzima hukupumzika."

Vestina aliegemea bega la mama yake, akalia mpaka kifua kikalegea.

Alasiri Mwalimu Ezekia alirudi, na nyuma yake Tabea, amefunga vikonyo viwili kwenye kitambaa kibichi. Bado alikuwa amenuna.

"Mwalimu anasema shina lako ni zima, linaweza kubebeshwa upya," alisema. "Mimi nitashika. Wewe funga utepe."

Mwalimu alilikata lile shina, akapachika vikonyo vyote viwili. Tabea alishika, Vestina akafunga. Tabea hakuondoka mpaka kazi ilipokwisha.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, Vestina alikuta kikonyo kimoja kimefungua majani madogo mekundu. Cha pili kilikuwa kimenyauka. Aliweka ndoo chini, akakimbia hadi jikoni.

"Mama, kimoja kimeshika. Kingine kimekufa. Nadhani sikukaza utepe vizuri."

Mama aliacha kukoroga uji, akamtazama. "Umefanya vyema kuniambia," alisema. "Twende ukanionyeshe."